Tupeane uzoefu: Mahindi ya chakula cha shule huwa yanaishia wapi?

Kibaba Tele (mleta mada)
Wakuu salaam. Leo nimepita karibu na shule ya msingi nikakuta wazazi wanashusha mahindi ya mchango, debe kwa debe, na ugomvi ni ule ule wa kila mwaka: "Tulichanga, Februari watoto wakashinda njaa, yalikwenda wapi?" Wajumbe wa kamati za shule, walimu wa chakula, wapishi, wenye mashine, karibuni kabla stoo haijafungwa. Naomba vipimo, lawama tumeshazisikia.

Pilipili Mbuzi
Yanaishia kwa mwalimu mkuu. Uzi ufungwe.

Mama Wawili
Nakazia.

Chaki Nyeupe
Kabla hamjamfunga mwalimu mkuu, pigeni hesabu. Shule ya watoto 400, kila mtoto debe moja. Debe la mahindi tuliweke kilo 17, maana gunia la debe sita linacheza kwenye kilo 100. Jumla kilo 6,800. Sahani ya makande inakula gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage, kwa hiyo kila siku inaondoka na kilo 48 za mahindi. Mzazi anagawanya 6,800 kwa 48, anapata siku 141, anatoka mkutanoni ameridhika.

Sasa njoo stoo. Mahindi ya Julai mengi yanaletwa na unyevu wa asilimia 17 hivi. Yakianikwa mpaka 13, kilo 6,800 zinabaki kama 6,490. Hizo 310 zimekwenda na jua. Halafu mnakoboa. Mashine ya kukoboa inachukua karibu moja ya tano kama pumba, mnabaki na kilo 5,190. Gawanya kwa 48: siku 108. Mwaka wa masomo una siku 194.

Siku 33 zimeyeyuka na hakuna aliyeiba hata punje. Na hapo nimechukulia kila mzazi ameleta, jambo ambalo halijawahi kutokea popote. Mkianza kupika Julai, mahindi yanakata mwishoni mwa Januari. Februari na Machi ghala la nyumbani nalo liko tupu, na masufuria ya shule yamelala kifudifudi.

Mtoto wa Mkulima
Kwa hiyo kila mtoto alete debe ngapi?

Chaki Nyeupe
Ili upate gramu 120 zilizokobolewa unahitaji kama 150 za mahindi mazima makavu. Mara siku 194 ni kilo 29, yaani debe moja na robo tatu. Maharage kilo 8. Kikao kikipitisha debe moja kimepitisha njaa ya Februari, kamati ijue hivyo na iseme hivyo mbele ya wazazi.

Pilipili Mbuzi
Mwalimu hesabu zako tamu. Umesema pumba ni moja ya tano. Kwenye kilo 6,490 hiyo ni kama kilo 1,300 za pumba. Magunia kibao. Nani anafuga nguruwe hapo shuleni?

Mwenye Kinu
Hapo mkuu umegusa kidonda. Mahali pengi utaratibu ni huu: shule ikikoboa, pumba zinabaki kwa mwenye mashine na bei ya kukoboa inashuka au inafutwa kabisa. Si wizi kama imeandikwa. Ubaya ni pale shule inapolipa kukoboa kwa bei kamili NA pumba zinabaki mashineni. Tena msipeleke magunia kumi kwa mpigo mkaondoka. Mpelekaji abaki, apime yakiingia, apime yakitoka, apime na pumba. Jumla ikipungua kilo mbili tatu kwa gunia, ni vumbi na kilichobaki ndani ya mashine. Ikipungua kumi, muulizeni mwenzangu vizuri.

Mama Wawili
Kwani lazima kukoboa? Pikeni mahindi mazima, siku nyingi zinarudi.

Jiko la Kuni
Mama, unajua kuni? Mahindi mazima hata yakilala kwenye maji usiku kucha yanataka saa nne motoni. Yaliyokobolewa, mbili mpaka tatu. Ulichookoa kwenye pumba unakilipa kwenye kuni. Na watoto wa awali hawatafuni zile ngozi, unazikuta zimetemwa chini ya mwembe.

Nesi Mstaafu
Na kuna sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, tusifanye mchezo. Kukoboa kunapunguza sehemu kubwa ya sumu kwa sababu inakaa zaidi kwenye ngozi na kiini. Kupika hakuitoi, hata uchemshe mpaka jioni. Mahindi yaliyooza, yenye ukungu wa kijani, yaliyovunjika au kutobolewa yachambuliwe kabla ya kuingia stoo. Na tafadhali msiwape kuku yale mliyotupa, inarudi kwenu kwa mlango wa nyuma.

Mtoto wa Mkulima
Unyevu tunaupimaje? Kipimo cha mashine sisi hatuna.

Nesi Mstaafu
Chumvi. Chukua chupa ya soda ya kioo, iliyokauka kabisa. Kaanga chumvi kidogo ikauke, iache ipoe. Jaza mahindi theluthi ya chupa, weka vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa dakika mbili tatu, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu uko juu ya asilimia 15, mzazi arudi akaanike. Ikidondoka chini bila kushika, pokeeni. Chupa ikiwa na unyevunyevu, mtamrudisha mzazi wa watu bure.

Kibaba Tele
Hii safi sana. Stoo je?

Mwenye Kinu
Chaga chini, magunia yasiguse sakafu wala ukuta, acheni upenyo wa mtu kupita akiwa na tochi. Adui mkubwa ni dumuzi, yule wanaomwita skania. Anageuza gunia unga huku kwa nje linaonekana zima. Dawa ya vumbi nyingi ni gramu 100 kwa gunia, lakini someni lebo pamoja na muda wa kusubiri kabla ya kula. Changanyeni juu ya turubai kwa koleo. Kunyunyiza juu ya gunia lililoshonwa ni kumpaka dumuzi poda.

Bibi Afya
Bora mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, hakuna dawa kwenye chakula cha watoto.

Mwenye Kinu
Sawa, ila PICS inafanya kazi kwa kukosa hewa. Toa hewa, funga mfuko wa ndani peke yake, wa pili peke yake, wa nje peke yake. Ukifungua leo kuchota kilo 48 ukafunga, kesho ukafungua tena, umeharibu kazi. Mahindi ya wiki hii yakae kwenye magunia ya kawaida, ya PICS yafunguliwe moja moja na kumalizwa. Na panya mmoja tu anakutobolea mfuko.

Mjumbe Kimya
Nyote mnazunguka. Ngojeni niwape ya shule moja ya kata ya jirani, ilivyoangukia mbele ya mkutano.

Leja ilikuwa safi: debe zilizoingia, debe zilizotoka, sahihi za mwalimu wa chakula na mjumbe. Lakini mahindi yalikuwa yanakata mapema kila mwaka. Mzee mmoja akasimama, hakutukana mtu. Akasema naombeni debe la kupokelea na debe la kutolea. Mtunza stoo akaleta moja. Mzee akasema na la pili. Kimya. Mwenyekiti akaagiza lifuatwe, likaletwa. Mzee akayapindua yote mawili kifudifudi juani. Lile la kwanza kitako kimefura kwa nje kama tumbo la chura, limegongwa kwa ndani kwa nyundo, alama za nyundo unazihesabu. La pili kitako kipo sawa. Likaletwa dumu la maji. La kwanza likameza zaidi ya lita moja na nusu kuliko la pili.

Mzazi akileta debe lake kutoka nyumbani likimiminwa kwenye lile la shule halijai, anaambiwa aongeze. Kwenye kutoa linatumika la pili. Kwenye leja debe ni debe, hesabu inafunga. Kilichozidi kati ya madebe mawili kinatoka usiku na hakijaandikwa popote, kwa hiyo hakijapotea.

Pilipili Mbuzi
NILISEMA MIMI.

Mama Wawili
Mungu wangu. Sasa ikawaje??

Chaki Nyeupe
Mjumbe, ngoja. Kwa maelezo yako wizi ule ungeacha stoo na ziada, usingefanya mahindi ya leja yakate mapema. Kukata mapema ni ule unyevu na kukoboa. Yalikuwa mambo mawili tofauti yaliyokutana shule moja.

Mjumbe Kimya
Kweli mwalimu. Aliyekuwa anachota ziada alikuwa hapimi anachochota, akawa anazidisha. Wakati wa kujenga nyumba mtu hahesabu.

Pilipili Mbuzi
Mtaje.

Kibaba Tele
Hatutaji mtu hapa. Tuendelee na vipimo.

Mama Wawili
Ila mkuu tuambie tu alifanywa nini.

Mzani wa Haki
Dawa ya hilo ni kuacha debe. Nunueni mzani wa kuning'iniza wa kilo 100. Kila gunia linapimwa, uzito unaandikwa kwa kalamu ya wino juu ya gunia lenyewe na kwenye leja. Kabla ya kuanza pimeni kitu mnachojua uzito wake, mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa unatosha. Kila asubuhi mwalimu wa zamu anapeleka idadi ya watoto waliofika leo, SIO walioandikishwa. Wakifika 352, zidisha kwa 0.12, mnatoa kilo 42. Hiyo tofauti ya kilo sita kwa siku kati ya walioandikishwa na waliofika ndiyo mlango mwingine, na huo hauhitaji nyundo.

Jiko la Kuni
Mnabishana stoo, mimi niko jikoni. Ubaya kuliko wote ni siku ya maharage ya zamani. Kila mzazi kaleta kilo zake, wengine ya juzi, wengine yamekaa kwenye joto misimu miwili, yote kwenye gunia moja. Mpishi anayamwaga pamoja na mahindi saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne nusu yameshakuwa rojo, nusu ni kokoto. Anaongeza maji, kuni zinaisha, saa saba kengele inalia watoto wamepanga mstari na mabakuli, mwalimu anasema gaweni hivyo hivyo. Maharage ambayo hayajaiva vizuri yana sumu yake, jioni unapata kijiji kizima watoto wanatapika na kuharisha na watu wanasema ni uchawi.

Fanyeni hivi. Lowekeni jioni, maji mara tatu ya maharage, asubuhi mwageni maji hayo. Maharage yapikwe sufuria lake peke yake, yachemke kwa nguvu, yasiwe ya kuchechemka tu. Chumvi mwisho. Punje kumi kutoka chini ya sufuria zibonyezwe kwa vidole, ikikataa moja endeleeni. Yakiiva ndiyo yanaingia kwenye mahindi. Kwa watoto 400: mahindi kilo 48, maharage 16, mafuta lita mbili na kidogo, chumvi yenye madini joto kilo moja na robo. Masufuria ya lita 100 muwe nayo matatu, mawili hayatoshi, nafaka ikivimba inamwagika na kuzima moto.

Bibi Afya
Weka magadi yanaiva haraka.

Nesi Mstaafu
Yanaua vitamini B. Usiweke.

Bibi Afya
Bibi zetu waliweka.

Jiko la Kuni
Kidogo tu, siku ya dharura. Na hayo ya kuni yenyewe tunaambiwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Gesi ya kuchemsha makande saa tatu kila siku nani analipa? Shule inapata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 inabaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Hiyo 6,000 ununue chaki au gesi?

Mtoto wa Mkulima
Hameni makande basi, pikeni uji. Kilo moja ya unga lita kumi za maji, vikombe ishirini vya nusu lita. Watoto 400 kilo 20 za unga. Rahisi.

Jiko la Kuni
Rahisi ukijua. Unga ukorogwe kwanza na maji ya baridi, theluthi ya maji yote, ndipo umiminwe kwenye yanayochemka huku mwiko unazunguka. Ukimwaga unga mkavu mtagawa mabonge. Ukiungua chini usikwangue, hamisheni wa juu kwenye sufuria lingine. Na mkiweka soya, ichemshwe nusu saa na kukaushwa kabla ya kusagwa, mbichi inawasumbua watoto tumbo.

Mzazi Mkali
Mimi swali moja. Ambao wazazi wao hawajachanga wale?

Pilipili Mbuzi
Wasile. Nani anamlisha mwenzie?

Chaki Nyeupe
Wale. Aliyekataa kuchanga ni mzazi, na mzazi yupo kijijini, kuna mtendaji na kuna mkutano mkuu. Mtoto kumtoa kwenye mstari mbele ya wenzake kesho haji tena. Anayeshindwa kweli alete kuni, achote maji, aanike mahindi Julai. Siku za kazi zibadilishwe kuwa kilo, ziandikwe kwenye leja hiyo hiyo.

Pilipili Mbuzi
Na mimi niliyelipa debe langu nikaongezewa la kujaza tumbo la chura?

Mjumbe Kimya
Wewe unadai lita moja na nusu. Peleka chupa.

Mama Wawili
Ukoko nao unaandikwa kwenye leja au ni wa wapishi?

Jiko la Kuni
Ukoko usiulizwe mama. Huo ni mshahara.