Mnatuuzia dawa moja ya vigae kwa ndani na nje, kisha lawama mnalitupia ziwa

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, ambalo silitaji kwa kuwa shauri letu bado halijaisha, liliniuzia galoni za dawa ya kuziba vigae kwa maneno haya: "Hii inafaa popote, ndani na nje." Fundi aliyeletwa na duka hilohilo akaipaka barazani, sebuleni na bafuni kwa rola ileile. Sasa baraza linabambuka, sebule ina utando unaonata miguuni, na pembe za bafu zinavujisha maji. Nilipokwenda kulalamika nikaambiwa kwamba hayo ni mambo ya hali ya hewa ya ziwa. Ziwa halikushika rola.

Nianze na baraza, kwa sababu huko ndiko nilikoingia hasara kubwa. Nyumba iko Luchelele, kwenye mteremko, na baraza limetandikwa vibamba vya mawe ya asili visivyong'arishwa. Mawe ya namna hiyo yana vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno, na ni kweli yanahitaji dawa, lakini dawa zenyewe ziko za aina mbili, na muuzaji asiyejua tofauti yake hana haki ya kumshauri mteja. Ipo inayozama ndani ya vinyweleo, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa kemikali ziitwazo silani au siloksani. Hiyo huyazuia maji yasipenye, huruhusu mvuke utoke, na jiwe hubaki na sura yake. Ipo nyingine, mara nyingi ya akriliki (aina ya plastiki), inayokaa juu na kufanya utando unaong'aa. Mimi nilipewa hii ya pili, kwa ajili ya sakafu iliyo nje, inayopigwa jua tangu asubuhi.

Kila aliyejenga kwenye vilima vyetu anajua kwamba chini ya udongo kuna mwamba. Masika yakianza, maji hushuka juu ya mwamba huo na kupita chini ya sakafu, na jua likirudi unyevu hupanda kutafuta njia ya kutokea. Ukikuta utando umefunga, huusukuma hadi ukaachana na jiwe, na chumvi za saruji zilizopanda pamoja nao hubaki chini yake zikiwa ukungu mweupe ambao hautoki kwa kufuta. Ni sawa na kumvika mtu koti la nailoni saa saba mchana. Tena Mwanza iko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua la hapa huitafuna mapema akriliki ambayo haikutengenezwa kwa matumizi ya nje. Na kabla haujabambuka, utando huo ukilowa huteleza vibaya mno; mama yangu mzazi alianguka hapo barazani wakati wa manyunyu, na tunashukuru kwamba hakuvunjika.

Sebuleni hapakuwa na haja ya kupaka chochote juu ya vigae. Vigae hivyo ni vya poseleni, na kigae hakistahili kuitwa poseleni ikiwa kinanyonya maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Dawa haina pa kuingia, basi inakauka juu na kukusanya vumbi. Kilichohitaji kuzibwa ni grauti peke yake, yaani ule ujazo wa katikati ya vigae, kwa kuwa ni ya saruji na hunyonya mafuta na chai. Nayo ilipaswa kuachwa ikauke kwanza, angalau siku tatu na pengine zaidi kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, kisha ipakwe kwa brashi ndogo na dawa iliyozidi ifutwe kwa kitambaa kabla haijashika. Wala hapakuhitajika maabara ili kuyajua haya. Fundi angedondosha maji kidogo juu ya kigae na juu ya grauti, akasubiri kama dakika kumi, akaona ni wapi panapobadilika rangi kwa kunyonya.

Kuhusu bafu nitasema machache. Dawa ya kupaka juu ya vigae haizuii maji kuvuja. Kazi hiyo hufanywa na tabaka la kuzuia maji linalowekwa kabla ya vigae kubandikwa. Pembe ambapo ukuta unakutana na sakafu hujazwa silikoni ya bafuni inayostahimili kuvu, kwa kuwa pande hizo mbili hazitanuki pamoja. Fundi alizijaza saruji nyeupe, ikapasuka.

Kilichonipandisha mori zaidi ni suluhisho lao: eti nimwage asidi barazani ili utando utoke. Asidi haiyeyushi akriliki! Inachokula ni grauti ya saruji, na kama mawe yangekuwa ya marumaru halisi au ya chokaa, yangebabuka yenyewe.

Galoni zile hazina hata mstari mmoja wa Kiswahili, kwa hiyo mnunuzi hutegemea mdomo wa muuzaji. Basi mdomo huo uwajibike. Nilimweleza muuzaji waziwazi kazi ninayotaka kuifanya, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa haimwachi huru mfanyabiashara aliyeelezwa kazi kisha akauza kisichoifaa. Nataka nirudishiwe fedha za dawa yote, pamoja na gharama ya kuiondoa. Wakikataa, malalamiko yangu yatakwenda Tume ya Ushindani kwa maandishi, yakiwa na risiti na picha.

Fundi naye hatapata salio lake hadi utando wote uondoke. Atakapokuja, aje na kiyeyushi kinacholingana na dawa aliyoipaka, aanze kukijaribu kwenye kibamba kimoja cha pembeni, na akiwa sebuleni afungue madirisha yote. Mwenye kujua duka la Nyamagana au Ilemela linalouza dawa ya kuzama kwa galoni mojamoja, pamoja na maelekezo yanayosomeka, alitaje hapa chini.