Je, ninaweza kupunguza uzito bila kuacha chipsi za usiku msimu huu wa korosho?

KaraniWaGhala, Mtwara

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mama wa miaka 38, mkazi wa Chikongola hapa Mtwara mjini, na ni karani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa afya, nikakutwa na kilo 86 kwa urefu wa sentimita 163, na nikaelezwa kwamba shinikizo langu la damu limeanza kupanda, ingawa sijaandikiwa dawa. Muuguzi alinisihi nipunguze uzito, na nilipomuuliza nianzie wapi alinijibu kwa maneno mawili tu: "Acha chipsi."

Tangu minada ifunguliwe mwezi Oktoba, magari huingia ghalani mpaka saa mbili usiku, na siwezi kuondoka kabla hesabu ya magunia haijalingana na stakabadhi zilizoandikwa. Ninapotoka, watoto wamekwisha kula kwa bibi yao, miguu imenivimba kwa kukaa, na njia nzima mpaka nyumbani kilicho wazi ni mabanda ya chipsi. Hula chipsi mayai na soda siku nne au tano kwa juma. Asubuhi hunywa chai na maandazi mawili, na mchana mara nyingi sili kitu cha maana, kwa sababu ya kazi na kwa sababu hujiambia kwamba ninapunguza.

Mwezi Agosti niliacha chipsi kabisa kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu nilikula sahani mbili kwa mkupuo, nikalia. Sitaki kurudia hilo. Ninachouliza ni hiki: je, kuna namna ya kuzila chipsi na bado uzito ukapungua, au muuguzi alikuwa sahihi na mimi ninatafuta kisingizio?

AfisaLisheLindi

Dada, hutafuti kisingizio. Muuguzi alikuwa na sababu ya kusema alivyosema, lakini amri ya kuacha kabisa huwashinda watu wengi kwa namna ileile ilivyokushinda wewe. Uzito hupungua pale mwili unapopokea nishati pungufu ya ile unayotumia, na hakuna chakula kimoja kinachoweza kulizuia hilo peke yake. Kazi yetu ni kuona sahani yako inachukua kiasi gani cha fungu la siku.

Kwa umri, urefu na uzito ulioutaja, na kwa kazi ya kukaa, mwili wako unatumia takriban kilokalori 2,100 kwa siku. Ukila 1,600 hivi, unaweza kupungua karibu nusu kilo kwa juma, na huo ni mwendo mzuri usiouumiza mwili. Sasa tazama sahani yenyewe. Chipsi za kukaanga hubeba kilokalori zipatazo 300 katika kila gramu 100, ilhali kiazi hichohicho kikichemshwa hakifiki 100; tofauti hiyo inatokana na mafuta yaliyoingia na maji yaliyotoka. Sahani ya gramu 250 ina kilokalori 750, mayai mawili yanaongeza 150, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kukaangia mayai vinaongeza takriban 240, na soda ya mililita 300 inaongeza zipatazo 125. Jumla ni kama 1,265, yaani zaidi ya robo tatu ya fungu lako la siku, kwa mlo mmoja wa usiku.

Utaona kwamba mayai si adui hapo. Yana protini, na protini ndiyo inayokushibisha mpaka asubuhi. Kinachokuangusha ni mafuta, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4, na pia soda, ambayo inaingia na kupita bila kukuondolea njaa hata kidogo.

Ningekushauri hivi: chukua nusu sahani ya chipsi, mishikaki miwili ya nyama isiyo na mafuta, kachumbari nyingi kadiri mwenye banda atakavyokubali, na maji badala ya soda. Mlo huo unakaribia kilokalori 600, na bado ni mlo wa banda la chipsi. Ufanye mara mbili au tatu kwa juma. Siku nyingine pitia kwa wauza pweza. Pweza aliyechemshwa ana takriban kilokalori 160 kwa gramu 100 na protini karibu gramu 30, na sisi watu wa pwani hii tunampata bila kuhangaika.

Jambo ninalokusisitizia zaidi ni mlo wa mchana. Mtu aliyekaa na chai na maandazi tangu saa moja asubuhi hawezi kusimama mbele ya kikaango saa mbili usiku akaomba nusu sahani. Ule mchana, hata kama ni kidogo: ugali wa kiasi na samaki wa kuchemsha na mboga za majani, au mbaazi zilizopikwa kwa tui jepesi. Na kwa sababu ya shinikizo lako, omba chipsi zisitiwe chumvi jikoni, ujinyunyizie mwenyewe kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja.

MkaangajiWaStendi, Mtwara

Nimekaanga chipsi kwa miaka kumi na moja, na ninaomba niseme yale ambayo mteja haoni kutoka upande wake wa kabati la kioo, kwa sababu dada huyu amenigusa. Wateja wangu wengi ni watu wa namna yake, wanaotoka kazini usiku wakiwa hoi.

Kwanza, chipsi unazoziona zimelundikwa kabatini huwa zimekaangwa nusu tangu jioni. Mteja anapofika tunazirudisha kwenye mafuta ili zipate moto na ukavu. Watu hudhani mafuta huingia kwenye kiazi kinapochemka ndani ya karai, lakini sehemu kubwa huingia kikishatolewa, wakati kinapoanza kupoa na kuyavuta yale mafuta yaliyobaki juu ya ngozi yake. Kwa hiyo chipsi iliyokaangwa ikaachwa ipoe katika mafuta yake, kisha ikarudishwa karaini, imevuta mara mbili. Ukiweza kusubiri, omba ukaangiwe viazi vibichi, na umwombe mkaangaji azikung'ute chipsi kwa nguvu juu ya chujio papo hapo zinapotoka zikiwa za moto. Zikikung'utwa baada ya dakika tano, kazi hiyo imechelewa.

Pili, angalia vipande. Vilivyokatwa vyembamba hunywa mafuta zaidi ya vinene, kwa sababu kiazi kilekile kimegawanywa kuwa na ngozi nyingi za kushikia mafuta. Mimi hukata vinene, na wapo wateja wanaolalamika, lakini siwezi kubadilisha. Angalia pia rangi ya mafuta. Yakiwa meusi, yanatoa povu na harufu kali, yametumika kupita kiasi, na hapo ondoka, hata kama mwenye banda ni jirani yako.

Tatu, na hapa ndipo ninapotaka dada anisikilize, tatizo kubwa la zege, yaani chipsi mayai, ni kile kikaango kidogo. Tunamimina mafuta mapya, tunaweka chipsi ambazo zina mafuta tayari, kisha tunamwaga mayai juu yake, na yai ni kama sifongo. Mafuta yote yaliyokuwa kikaangoni unaondoka nayo kwenye sahani. Ukiyapenda mayai, omba chipsi kavu kando na mayai mawili ya kuchemsha. Karibu kila banda lina mayai ya kuchemsha, na bei haizidi.

Kuhusu nusu sahani, usione haya. Wapo wanaodhani tutawadharau, lakini kwetu sisi mteja anayenunua nusu mara tatu kwa juma kwa miaka mitano ni bora kuliko anayenunua sahani kubwa kisha akatoweka kwa sababu daktari amemkataza. Viazi vyenyewe vinatufikia kutoka nyanda za juu kusini, vimepita Songea na Masasi, na gunia linapopanda bei tunashukuru tukiuza kidogokidogo kwa watu wengi.

MwalimuMstaafuMikindani

Mwanangu, ninakubaliana na waliotangulia, ila ninaogopa kwamba wanakufikiria wewe kuwa mtu wa nusu. Wapo watu wa nusu na wapo wasiokuwa hivyo. Nilipokuwa ninapunguza uzito, nilijaribu kwa miezi miwili kununua nusu sahani, na kila mara niliimaliza nikiwa nimesimama palepale na kuagiza nusu nyingine. Kilichonisaidia ni kutokula bandani kabisa. Nilinunua, nikabeba, nikafika nyumbani, nikamimina kwenye sahani yangu pamoja na bakuli la mchicha uliochemshwa, nikala nimekaa. Mwendo wa dakika ishirini kutoka barabarani mpaka nyumbani kwangu ulinipunguzia ile njaa ya macho.

Soda niliiacha moja kwa moja, sikuipunguza. Hiyo peke yake niliiona kwenye mkanda wa suruali kabla sijaiona kwenye mizani. Na usidharau vyakula vya hapa kwetu kwa kuwa havina tangazo. Ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, inapopatikana, ukiila saa kumi jioni na kipande cha samaki, utafika kwenye banda la chipsi ukiwa na akili yako.

Jambo moja ningependa kukuuliza, kwa kuwa hukulitaja: je, wewe uliye ghalani mchana kutwa, korosho hazikupiti mkononi?

KaraniWaGhala, Mtwara

Shikamoo mwalimu. Umeniuliza swali ambalo nilikuwa ninalikwepa hata mwenyewe. Ninalo kopo la korosho zilizobanguliwa na kukaangwa juu ya meza yangu, na hutia mkono humo tangu asubuhi. Nilikuwa siiti hiyo kula. Jana, baada ya kusoma maneno yako, nililipima kopo kwenye mizani ndogo asubuhi na jioni, na nikaona nilikuwa nimekula gramu 110. Chai nayo hunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Nilipokuwa ninaandika kwamba mchana sili, niliamini kweli kwamba sili.

Mkaangaji, asante sana kaka. Jana usiku niliomba chipsi zikung'utwe na mayai ya kuchemsha, na kijana akanitazama kwa mshangao lakini alifanya. Je, Afisa Lishe, sasa niziache korosho, na chipsi zibaki?

AfisaLisheLindi

Dada, usiziache. Korosho ni chakula kizuri, chenye protini na mafuta yasiyo na madhara ya yale ya kikaangoni, lakini gramu 110 ni zaidi ya kilokalori 600, yaani sawa na ule mlo mzima wa usiku niliokupangia. Pima gramu 30 asubuhi, ambazo ni konzi moja, zitie kwenye mfuko, na kopo libaki kabatini au nyumbani. Zile nyingine zimekuwa zikila fungu lako bila kukushibisha, kwa sababu ulikuwa unazila macho yakiwa kwenye vitabu vya hesabu.

Vijiko kumi na viwili vya sukari ni kama gramu 48, na hapo bado hatujahesabu soda. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa fungu lako la kilokalori 1,600 hiyo ni gramu 40. Anza na vijiko viwili kwa kikombe juma hili, kisha kimoja, na vikombe viwe vitatu. Ukishusha ghafla utaichukia chai na kuitafuta soda.

Hesabu ikikaa hivyo, chipsi zako za nusu sahani mara tatu kwa juma zina nafasi. Jipime mara moja kwa juma, siku ileile, asubuhi kabla ya kula, na usitishwe na mizani ikipanda kidogo siku inayofuata chipsi, kwa kuwa chumvi hushikilia maji. Ukipungua kilo 4 mpaka 8 kutoka hizo 86, kuna matumaini mazuri kwamba hata shinikizo la damu litashuka. Kapimwe tena kila mwezi, na likipanda zaidi usingoje mizani, mwone daktari.

MkaangajiWaStendi, Mtwara

Kijana aliyekushangaa hakukudharau dada, ni kwamba hajazoea. Ukifika kwenye banda lolote, sema kabla hajawasha moto mkubwa: "Nusu, viazi vibichi, kavu, zikung'utwe, chumvi nitatia mwenyewe, na kachumbari nyingi bila pilipili ya chupa." Ukisema yote kwa pamoja mwanzoni, mkaangaji anapanga kazi yake na hachukii. Ukianza kumsahihisha kiazi kikiwa tayari karaini, hapo ndipo anaponuna. Na beba kontena lako lenye mfuniko, weka karatasi ya jikoni chini yake. Utakapofika Chikongola utaona mwenyewe ni mafuta kiasi gani yamebaki kwenye karatasi.