Mrejesho: Programu iliyokataliwa kusoma kadi ya vipimo

Habari zenu, wakuu. Niliwauliza kwa nini programu yetu inayosoma kadi ya vipimo vya matangi ya maji, hapa karakana kwetu Kijitonyama, ilianza kukataliwa na /dev/mem (faili linaloipa programu njia ya kufikia moja kwa moja kumbukumbu na anwani za vifaa vya mashine) baada ya kusasisha kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ingawa tunaiendesha kwa mamlaka ya ruti, msimamizi mkuu wa mashine.

Mlikuwa sahihi: kerneli mpya imewashiwa IO_STRICT_DEVMEM, mpangilio ulioingia katika toleo la 4.5 mwaka 2016, ambao huzuia programu kugusa anwani za kifaa ambacho draiva (programu ya kerneli inayokiendesha kifaa) imekwisha kukishika. Nilipofungua /proc/iomem, orodha ya anwani na wanaozishika, nililiona jina la draiva kando ya anwani zilezile tulizokuwa tukiziandikia. Yaani muda wote huo draiva na programu yetu zilikuwa zimeshika usukani mmoja, na naamini ndiyo maana vipimo vilikuwa vikirukaruka.

Kuwasha mashine kwa iomem=relaxed, neno la kuiambia kerneli ilegeze kizuizi hicho, kulirudisha kazi papo hapo, lakini nimeliondoa neno hilo, kwa sababu linaufungua mlango kwa kila programu yenye mamlaka ya ruti. Kadi tumeikabidhi UIO, njia ya kerneli ya kuiachia programu ya kawaida iendeshe kifaa, na programu inafungua /dev/uio0 na kuona rejista (nafasi za kusomea na kuandikia ndani ya kifaa) za kadi hiyo tu. Tangu Jumatatu vipimo vimetulia. Asanteni sana.