Mrejesho: fremu ya bango la zamani la bati

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza jinsi ya kuliwekea fremu bango kuukuu la bati lenye kutu, rangi inayobanduka na kona iliyopinda.

Nimefuata ushauri wa kutolitoboa wala kulipaka rangi upya. Nililifuta kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, likakauka kabisa, kisha nikapaka nta isiyo na rangi kwenye kutu. Linashikwa na sumaku zilizogundishwa kwenye plaiwudi, na vijiti vyembamba pembeni vinazuia kioo kisiguse rangi. Aliyependekeza sumaku, Mungu akubariki! Bango linatoka bila hata alama.

Kona imeshindikana. Nilipoanza kuinyoosha rangi ilizidi kupasuka, nikaiacha. Fremu yenye kina imeificha kiasi, ila ukisogea karibu inaonekana.