Sarafu za Kirumi: mbona zinasifu uaminifu wakati wa vita?

Mdadisi: Ndugu zangu, habari za jioni. Mwaka 69 BK makaisari wanne walipokezana kiti kwa upanga, lakini dinari (sarafu ya fedha) ya Vitellius, mmoja wao, ina mikono miwili iliyoshikana na maneno FIDES EXERCITVVM, yaani uaminifu wa majeshi. Uaminifu gani huo, ilhali mwenyewe aliuawa Desemba ya mwaka huohuo?

Mzee wa Kale: Ndugu Mdadisi, dinari hiyo isome kama ombi, si kama taarifa. Askari walilipwa kwa fedha hiyohiyo, kwa hiyo aliyepokea mshahara alipokea na ukumbusho wa kiapo chake. Ukoo wa Kaisari Septimius Severus unaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mwaka 202 mwanawe Caracalla alimwoa Plautilla, zikatolewa dinari zinazowaonyesha maarusi wameshikana mikono, zikiwa na maneno PROPAGO IMPERI, ambayo ni ahadi ya kuendeleza utawala kwa uzao. Mwaka 205 baba yake Plautilla aliuawa, binti akapelekwa uhamishoni, na hatimaye Caracalla akaamuru auawe. Geta naye alionyeshwa kwenye sarafu akipeana mkono na kaka yake Caracalla, chini ya jina la Concordia, mungu wa kike wa mapatano. Kabla ya mwaka 211 kwisha, kaka huyo alikuwa amekwisha kumuua.

Binti Hamisi: Nakubaliana nawe, Mzee, ila si zote zilizokuwa maombi. Sarafu kubwa za shaba za Kaisari Vespasian za mwaka 71, zilizotoka baada ya Yerusalemu kutekwa mwaka 70, zina mtende katikati, na chini yake mwanamke ameketi akiomboleza, kichwa amekiegemeza mkononi, pamoja na maneno IVDAEA CAPTA, Yudea imetekwa. Ushindi huo ulikuwa wa kweli, naye aliuhitaji sana, kwa kuwa hakuzaliwa katika ukoo wa kikaisari.

Msomaji wa Pwani: Mimi huvutiwa zaidi na Aequitas, mungu wa kike wa uadilifu, anayeshika mizani kuashiria kwamba uzito na thamani ni sahihi. Kaisari Gallienus aliendelea kumweka kwenye sarafu zake katika miaka ya 260, wakati ambapo fedha iliyomo ilikuwa imepungua mno hata sarafu yenyewe ikawa karibu shaba tupu.