Mzee wa Kilema anayesemekana kuzaliwa 1912: umri wake unathibitishwaje?

Kiborloni: Wakuu, kuna mzee huku kijiji cha Kilema, Kilimanjaro, mkulima wa kahawa na migomba. Ukoo unasema alizaliwa 1912, na kitambulisho cha taifa (NIDA) kimeandikwa 1 Januari 1912. Wanaotunza rekodi za umri duniani watakikubali? Kama hakitoshi, tuanzie wapi?

Masjala: Hakitoshi. 1 Januari mara nyingi huwekwa pale siku halisi isipojulikana, na kitambulisho hicho kimetolewa wakati mzee, kwa hesabu hiyo hiyo, ameshapita 100. Kimeandika kilichotamkwa tu. Zinatakiwa karatasi za vipindi vitatu: utotoni au ujanani, katikati (ndoa, kodi ya kichwa), na sasa.

Kilema mna bahati, misheni ya Wakatoliki ipo tangu enzi za Mjerumani. Mwombeni paroko kitabu chenyewe cha ubatizo, si cheti kilichonakiliwa juzi. Vitabu vya zamani vimeandikwa Kilatini: *natus* ni kuzaliwa, *baptizatus* ni kubatizwa. Kwa Walutheri ni Kijerumani, *geboren* na *getauft*. Watu huchanganya tarehe hizo mbili kila mara. Na kama alibatizwa akiwa mkubwa, mwaka wa kuzaliwa ni makadirio ya padri. Pigeni picha ukurasa mzima: mistari ya jirani ndiyo inayoonyesha kama jina liliandikwa kwa mfululizo au lilichomekwa baadaye.

Mwika77: Angalieni sana jina. Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo ndugu watano wakizaa mnapata majina matano yanayofanana kwenye ukoo mmoja. Shigechiyo Izumi wa Japani alitambuliwa kuwa aliishi miaka 120, kisha ikashukiwa kuwa hati ilikuwa ya kaka yake aliyefariki mdogo, na Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wakaacha kumtambua. Jina la baba, la mama na la msimamizi wa ubatizo yote yalingane.

Kiborloni: Anakumbuka Waingereza wakiingia Moshi 1916. Hiyo je?

Masjala: Angekuwa na miaka minne, hayo huenda aliyasikia jikoni kwa mama yake. Msimuulize kama anakumbuka, muulizeni alikuwa anafanya nini. KNPA, chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa Uchagani, kilipoundwa 1925 angekuwa wa miaka 13, bado anachunga mbuzi. KNCU, ushirika wa kahawa uliofuata, ulipoanza 1933, miaka 21: je, alishakatiwa kihamba (shamba la ukoo)? Daftari la chama cha msingi cha ushirika kijijini na risiti yake ya kwanza ya kodi vitawajibu. Kisha ulizeni mwanawe wa kwanza alizaliwa lini. Akiwa wa 1955, baba alimpata akiwa na miaka 43. Inawezekana, ila hapo ndipo miaka iliyoongezwa hujitokeza.

Ukulima wa kijijini si kikwazo. Juan Vicente Pérez Mora wa Venezuela, aliyezaliwa 27 Mei 1909 na kuvuna miwa na kahawa tangu utotoni, alitambuliwa na Guinness 2022 kuwa mwanamume mzee kuliko wote walio hai. Alifariki Aprili 2024 akiwa na 114.

Sakina: Kwa mzee wa Kiarusha asiye na ubatizo, ulizeni rika, yaani kundi la waliotahiriwa kipindi kimoja. Rika la Ilnyangusi walianza kutahiriwa miaka ya 1940. Akijitaja wa rika hilo, 1912 haisimami, maana angetahiriwa na miaka 30. Mthibitishe kwa wazee wa rika jirani, si kwa wanawe.