Siku mbili na marafiki katika jiji kubwa: tuone mengi au tukae pamoja?

Mwuliza swali

Salamu kwenu nyote. Sisi ni marafiki wanne tuliosoma pamoja, na tangu tulipohitimu tumekuwa tukionana wawili wawili, kila mara kwa haraka, bila kupata nafasi ya kuketi wote. Sasa tumekubaliana kukutana katika jiji kubwa kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni. Jiji lenyewe bado tunalijadili, kwa hiyo sitafuti orodha ya mahali pa kwenda. Ninachouliza ni namna ya kuzigawa saa zenyewe.

Nina sababu ya kuuliza mapema. Miaka michache iliyopita mimi na mmoja wao tulikwenda katika jiji la namna hiyo tukiwa na orodha ya mahali kumi na moja, na tukafanikiwa kufika tisa. Niliporudi nyumbani ndipo nilipopata habari, tena kutoka kwa mtu mwingine, kwamba mama yake rafiki yangu alikuwa mgonjwa sana katika siku zile zile tulizokuwa tukikimbizana na mabasi. Tulikuwa bega kwa bega siku mbili nzima, na hakupata nusu saa ya kuniambia. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Hata hivyo, sitaki tukutane kisha tujifungie chumbani kuzungumza, kwa maana sote tunapenda sanaa, ingawa kwa njia tofauti: wawili wetu ni watu wa makumbusho, mmoja anapenda muziki kuliko kitu kingine chochote, na wa nne ana magoti yanayomsumbua akisimama kwa muda mrefu. Je, mnapangaje siku mbili kama hizo ili utamaduni na urafiki visinyang'anyane nafasi?

Jibu la kwanza

Ndugu mwuliza, nimewatembeza wageni katika makumbusho kwa miaka kadhaa, na ningekushauri uanze kwa hesabu ndogo. Louvre ya Paris, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1793, huonyesha vitu vipatavyo 35,000. Ukikipa kila kimoja nusu dakika tu, bila kuhesabu kutembea wala kupumzika, utahitaji saa zipatazo 290, yaani zaidi ya siku 36 za kutazama kwa saa nane kila siku. Kwa hiyo hakuna aliyewahi "kumaliza" jumba la namna hiyo mwishoni mwa juma, na anayejaribu huishia kuviona vingi bila kukitazama hata kimoja.

Suala la magoti ya rafiki yako ni zito kuliko linavyoonekana. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa katibu wa jumba la makumbusho ya sanaa la Boston, aliandika makala kuhusu uchovu unaowapata watu ndani ya makumbusho. Alimpa mtu mmoja maswali mepesi kuhusu vitu vilivyopangwa kabatini, kisha akampiga picha akihangaika kutafuta majibu: mara ameinama, mara amechutama, mara ameinua shingo. Gilman alionyesha kwamba sehemu kubwa ya uchovu ule hutokana na jitihada za mwili, wala si kwamba mgeni amekosa hamu ya kujifunza. Kwa hiyo mwenye magoti mabovu asijione kuwa anawachelewesha wenzake. Analoanza kulisikia yeye baada ya dakika ishirini, ninyi wengine mtalisikia baada ya saa moja na nusu, na hapo mtaanza kujibizana kwa ukali bila kujua chanzo chake.

Ushauri wangu ni kwamba mchague chumba kimoja, au hata picha tatu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, picha za National Gallery ya London zilihamishwa ili zisiangamie kwa mabomu, na mwaka 1942 jumba hilo likaanza kurudisha picha moja moja, kila mwezi yake, ili watu waione. Watu walikuja kwa wingi katika jiji lililokuwa vitani, wakasimama mbele ya picha hiyo moja, wakarudi kazini wakiwa wamepata kitu. Mimi huwaomba wageni wangu waketi kwenye benchi mbele ya picha kwa dakika kumi kabla ya kusoma kibandiko chake, kisha kila mmoja aseme alichokiona. Marafiki wanaofahamiana kwa miaka mingi hushangazana sana katika dakika hizo, kwa sababu mmoja ameona mikono, mwingine ameona mwanga, na mwingine amekumbuka jambo ambalo hajawahi kumsimulia mtu.

Jibu la pili

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila ningeongeza kwamba si lazima mzunguke wote wanne kama kundi la wanafunzi. Sisi huachana mlangoni na kukubaliana mahali na saa ya kukutana tena, na kila mtu hutazama kwa mwendo wake. Tunapokutana, kila mmoja ana jambo la kuwaeleza wenzake, na kisha tunarudi pamoja kukiona kitu kimoja ambacho mmoja wetu amekisifia. Ukimya wa saa moja kati ya marafiki huyafanya mazungumzo yanayofuata yawe na uzito.

Kwa kuwa mtafika Ijumaa, mwangalie saa za kufunga. Majumba kadhaa makubwa huchelewa kufunga siku hiyo. National Gallery ya London, kwa mfano, huwa wazi hadi saa tatu usiku. Makundi ya shule yamekwishaondoka, na mwenye magoti atapata benchi.

Jibu la tatu

Naomba kutofautiana kidogo na moyo wa majibu haya, kwa sababu nimeshuhudia pia safari zilizoharibika kwa kukosa mpango. Watu wanne wenye upendo na adabu wanaweza kumaliza asubuhi nzima wakiulizana "wewe unapenda nini?" huku kila mmoja akiogopa kuwalazimisha wenzake. Mimi huweka nguzo moja kwa siku: jambo moja lenye saa maalumu na tiketi iliyokwishanunuliwa, na sehemu iliyobaki ya siku huachwa wazi kwa makusudi.

Nguzo ya Jumamosi ningempa yule mpenda muziki, kwa maana watu wa makumbusho huwa wengi katika kundi na yeye huishia kuwafuata tu. Mfano wa National Gallery una upande wa pili ambao utamfurahisha: kuta zilipokuwa hazina picha, mpiga piano Myra Hess aliandaa humo maonyesho ya muziki ya mchana kuanzia Oktoba 1939, nayo yakaendelea hadi mwaka 1946. Mtafuteni onyesho la mchana badala ya la usiku. Mtatoka ukumbini jioni haijaingia, mkiwa bado na nguvu, na mazungumzo yataanza yenyewe mnapotembea taratibu kuelekea bustanini.

Kuhusu mama yake rafiki yako, sidhani kwamba orodha pekee ndiyo iliyokuzuia. Habari nzito haitoki kwa sababu tu muda umepatikana. Mtu huitoa anapoona kwamba anayemsikiliza hana haraka ya kwenda kwingine. Kwa hiyo asubuhi ya Jumapili isiwe na kitu chochote, hata kitu kidogo cha "tukipata nafasi", kwa sababu kitu hicho kidogo ndicho kitakachowafanya mtazame saa.

Mwuliza swali

Ninawashukuru sana, na maneno ya mwisho nimeyasoma mara tatu. Nimewapelekea wenzangu mpango huu: Ijumaa usiku tuingie jumba moja, chumba kimoja, tukiachana na kukutana kama mlivyoeleza, Jumamosi mchana tumsikilize mwanamuziki atakayechaguliwa na mwenzetu, naye asiulizwe sababu, Jumapili tusiandike kitu. Yule mwenye magoti amejibu kwanza, akasema kwamba kwa miaka yote alikuwa akitafuta visingizio vya kutokuja, na kwamba safari hii anakuja. Rafiki niliyesafiri naye mara ile amejibu kwa neno moja tu, "Jumapili", nami nimelielewa.

Jibu la pili

Basi mkikata tiketi za kurudi, chagueni usafiri wa mwisho kabisa wa Jumapili.